Nani Atangulie Kuweka Silaha Chini?

Leo tutasema habari za shauri lililofanywa New York katika mwaka 1946, nalo ni shauri la bomu la atomiki. Msidhani kuwa jambo hili ni geni kabisa kwetu sisi tusemao Kiswahili. Sehemu kubwa ya madini ya urani ambayo Wamarekani waliyatumia katika kufanyiza mabomu yao ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, na watu wa huko husema Kiswahili hata leo. Kazi ilikuwa ya siri, na waliochambua mawe yale kwa mikono hawakuambiwa yaendako.

Mwezi wa Agosti 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliteketezwa. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni, Bwana Bernard Baruch wa Marekani alisimama mbele ya wajumbe wa mataifa 12, katika halmashauri ya Umoja wa Mataifa iliyowekwa kwa ajili ya nguvu za atomiki. Alitaka iwepo mamlaka moja ya dunia nzima, nayo ishike kazi yote ya hatari, tangu mgodini hata kiwandani. Ikague nchi yo yote. Na mvunja sheria aadhibiwe, wala taifa kubwa lisiweze kuizuia adhabu kwa kura ya turufu. Hayo yakiisha kuthibitika, ndipo Marekani itakapoyaondoa mabomu yake.

Siku 5 baadaye Bwana Andrei Gromyko wa Urusi ya Kisovieti akaja na shauri lake, nalo lilianzia upande wa pili: kwanza mabomu yapigwe marufuku, na yaliyopo yaharibiwe katika miezi 3. Kura ya turufu hakukubali iguswe.

Kwa maneno, basi, wote wawili walitaka kitu kile kile. Mgogoro ulikuwa ni nani atangulie. Nasi twaonelea kwamba Marekani haikulisaidia neno lake yenyewe, maana mwezi wa Julai, mashauri yakiendelea, ililipua mabomu 2 ya kujaribia huko Bikini. Warusi nao walikuwa wakijitahidi kwa siri kufanyiza la kwao.

Tarehe 30 Desemba kura zikapigwa: 10 walikubali, Urusi na Poland hazikupiga. Shauri likapelekwa Baraza la Usalama, likafia huko. Tarehe 29 Agosti 1949 Urusi ikalipua bomu lake. Ikafuata Uingereza mwaka 1952, Ufaransa 1960, na China 1964.

Ndipo mwaka 1968 yakaandikwa mapatano mengine, ya kuzuia silaha hizi zisienee, yakaanza kushika mwaka 1970. Nchi zisizo na bomu ziliahidi kutolitafuta; zile 5 zilizo nalo ziliahidi kushauriana kwa nia njema juu ya kuziondoa silaha zao. India, Pakistan na Israeli hazikutia sahihi. Kwa ahadi ile ya kwanza wako wakaguzi, wenye makao yao Vienna, ambao hupima madini na kutia lakiri mitambo. Kwa ahadi ya pili mapatano hayakuweka mkaguzi, wala hayakutaja mwaka.