Kamba ya Dirishani



Sisi tunaokaa mitaa ya Eastlands hapa Nairobi twalitamka neno tumaini kila siku. Alfajiri baba hutoka nyumbani kwake Jericho, akaifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu hadi malango ya viwanda vya Industrial Area, kutafuta kibarua. Jirani humwuliza, "Leo utapata?" Naye hujibu, "Natumaini." Jioni arudipo mikono mitupu, twatambua kwamba alikuwa akisema "labda".

Je, tumaini ni labda? Hebu tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kutulia, moyo kupata amani. Waingereza husema hope. Zamani sana wazee wao walisema hopian, nao hawakumaanisha kutamani tu, walimaanisha pia kutegemea kwa imani. Lakini ajabu kubwa imo katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale. Tumaini huitwa tikva, na tamko hilohilo ndilo linalotumika kwa ile kamba katika kitabu cha Yoshua, sura ya 2.

Habari hiyo twaijua, hasa wenzetu wa mtaa wa Jericho, ambao mtaa wao una jina la mji ule. Rahabu aliwaficha wapelelezi, nao wakamwahidi kwamba nyumba yake itasalimika akifunga kamba nyekundu dirishani. Akaifunga. Kisha majeshi yakauzunguka mji siku saba, na nyumba yake ilikuwa ukutani hasa. Kamba ile isingeweza kuzuia hata jiwe moja lisianguke. Nguvu yake ilikuwa ile ahadi.

Tena Rahabu hakungoja peke yake. Aliambiwa awakusanye baba yake, mama yake na ndugu zake wote ndani ya nyumba ile, wangoje pamoja.

Wapendwa, hapa ndipo tunapokosea. Twamwambia aliyekosa kazi, "Wewe tumaini tu," kisha twafunga mlango na kusonga ugali wetu. Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Tumempa labda, tukaiita tumaini. Lakini gorogoro ya unga ikigawanywa kati ya milango miwili, watoto wa nyumba ya pili hulala wameshiba, na baba yao hupata moyo wa kuamka tena.

Kesho alfajiri atarudi langoni. Hatujui kama ataitwa. Twajua kwamba ahadi ya Mungu haijakatika, na twajua ni mlango upi karibu nasi ambao jikoni mwake hamkuwashwa moto leo.

Basi usiku huu, kabla ya kuzima taa, twendeni tukapige hodi.

Bwana awabariki. Amina.