Kiti Alichokiacha Jaramogi
(Hotuba kwa wanaharakati na waumini, Luanda Kotieno)



Tumeombwa tuzungumze juu ya safari ya Jaramogi Oginga Odinga serikalini. Bondo si mbali na hapa, nanyi mmelisikia jina lake tangu utotoni. Lakini mara nyingi habari yake husimuliwa hivi: Wajaluo walikuwa na kiti kikubwa, wakanyang'anywa. Sisi tunakataa kuisimulia hivyo.

Alikuwa mwalimu, kisha mfanyabiashara aliyekusanya hisa ndogondogo za watu wa kawaida katika kampuni ya Luo Thrift mwaka 1947. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka uliofuata akasimama humo kutamka kwamba Kenyatta na wafungwa wenzake ndio viongozi wa kweli wa wananchi. Hata baadhi ya wajumbe Waafrika walishtuka. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Desemba 1964 Makamu wa Rais.

Tusimfanye malaika. KADU ilipojivunja Novemba 1964 na Bunge likabaki bila upinzani, yeye alikuwa ndani ya serikali iliyonufaika.

Machi 1966, mkutano wa KANU huko Limuru ulifuta wadhifa wake wa makamu wa rais wa chama, ukaweka makamu wanane mahali pa mmoja. Aliyeuongoza mpango huo alikuwa Katibu Mkuu, Tom Mboya. Tazameni ng'ambo ya maji. Feri inayotoka hapa huenda Mbita, na jirani na Mbita ni kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Mboya baada ya kuuawa tarehe 5 Julai 1969. Basi aliyemkata miguu Jaramogi alikuwa jirani yetu, wala si mtu wa mbali. Na aliyetoka pamoja naye, akawa naibu wake katika chama kipya cha KPU, alikuwa Bildad Kaggia, Mkikuyu wa Kandara. Hapo kabila liko wapi? Ugomvi ulikuwa juu ya ardhi: je, maskini asiye na shamba auziwe udongo ambao wenzake waliufia?

Aprili 1966 Jaramogi alijiuzulu. Bunge likabadili Katiba kwa haraka ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Kati ya viti 29 vilivyogombewa, KPU ilipata 9. Jaramogi alirudi kwa nguvu Bondo. Kaggia alishindwa kwao. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipofungua hospitali mpya Kisumu, risasi zilirindima na watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku, na Jaramogi akawekwa kizuizini hadi 1971. Hakurudi tena katika baraza la mawaziri.

Kila uchaguzi huja mtu kutuambia: ingieni serikalini mle, kukaa nje ni njaa. Si neno la kudharauliwa mbele ya mama anayenunua omena kwa mkopo. Ufuo huu ulilipia uamuzi wa Jaramogi, na wengine walilipa bila kuulizwa. Hata hivyo Esau naye alikuwa na njaa ya kweli.

Mwaka 1982 alipojaribu kuunda chama, KANU iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria, kwa kifungu cha 2A. Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, alianzisha FORD pamoja na wenzake. Desemba kifungu hicho kikafutwa. FORD ikagawanyika kabla ya kura ya 1992, naye akawa wa nne. Alifariki Januari 1994.

Sasa tunaomba maswali, tukianza na akina mama.