Mazungumzo kwa Watumishi: Programu za Kurithi na Amri Zinazoshindwa Kimya Kimya



Katika ofisi nyingi zimo skripti zilizoandikwa na watumishi waliokwisha kustaafu au kuhamishwa. Huendeshwa kila usiku, na aliyezirithi huogopa kuzigusa. Aghalabu skripti hizo hazifanyi kazi zenyewe, bali huiagiza kompyuta iendeshe amri za nje: kunakili, kufunga mafaili pamoja, kufuta.

Katika mifumo ya ukoo wa Unix, amri ikimaliza hurejesha nambari. Sufuri ni salama. Nambari nyengine, hadi 255, kwa kawaida ni dalili ya hitilafu. Skripti isiyoisoma nambari hiyo ni mfano wa tarishi aliyekabidhi barua bila ya kudai sahihi katika daftari.

Chukua skripti inayofunga kumbukumbu za mishahara kwa amri ya tar, na mstari unaofuata ukafuta mafaili ya asili. Diski ikijaa, tar itashindwa. Mstari wa pili hauna habari, nao utafuta. Asubuhi hapana nakala kamili wala asili.

Lugha ya Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987, ina mtego wake. Kwake sufuri ni "si kweli", ilhali kwa amri ya nje sufuri ni kufaulu. Basi aliyeandika «system(...) or die» ameandika kinyume: programu husimama amri inapofaulu. Kosa hilo walau hujifichua siku ya kwanza. Lililojificha zaidi limo katika $?, inapohifadhiwa hali ya amri. Ikiwa -1, amri haikuanza kabisa. Wengi huigawa kwa 256 ili kupata nambari ya kumalizia, na kumbe amri iliyouliwa kwa ishara ya 9 huacha 9 tu. Ikigawanywa, hutoka sufuri, na maiti ikahesabiwa mzima. Ni lazima $? yenyewe ilinganishwe kwanza na sufuri.

Moduli ya autodie, iliyomo ndani ya Perl tangu toleo 5.10.1 la mwaka 2009, husaidia, lakini haisimamii system mpaka iombwe waziwazi, tena pawepo IPC::System::Simple. Wala isitiwe kila mahali kwa pupa: grep hurejesha 1 isipoona neno linalotafutwa, na hilo si kosa, kosa lake ni 2.

Mrithi wa skripti asiiandike upya. Atafute kila palipoitwa amri ya nje, na aanze na pale panapofuatiwa na kufuta.