Deni la Kiswahili kwa Lugha Jirani: Mada Juu ya Kunukuu na Kuhifadhi Lugha za Wenyeji na Masimulizi Yake



1. Dibaji

Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya kuandikwa na kuhifadhiwa kwa lugha za wenyeji wa nchi zetu, pamoja na ngano, tarihi, nyimbo na mithali zinazochukuliwa na lugha hizo. Na kwa kuwa faida za kazi hii zimekwisha kuelezwa mara nyingi na watu wenye ilimu kunishinda, sitazirudia ila kwa mukhtasari, ili nipate wasaa wa kuleta hoja moja ambayo naona haijapewa haki yake. Hoja yenyewe ni kwamba katika Afrika ya Mashariki, Kiswahili ndicho kilichowapokea watoto wengi walioacha lugha za wazazi wao, na kwa hiyo Kiswahili, pamoja nasi tunaopata riziki kwacho, kina deni la kulipa. Namna ya kulipa deni hilo ni kukifanya khadimu wa lugha jirani: kiwe lugha ya kufasiria na kueleza yale yanayokusanywa, ili mwenye mali aweze kuisoma mali yake.

2. Hali ilivyo

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulitoa mwaka 2009 atlasi iliyoorodhesha lugha zaidi ya 150 katika nchi hiyo moja. Atakaye kuuona utajiri huo mahali pamoja, na asafiri hadi nyanda za Mbulu na pwani za Ziwa Eyasi, ambako Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, Waisanzu wenye lugha ya Kibantu, na Wahadzabe wenye lugha ya vidoko isiyojulikana ndugu yake popote duniani, wamekuwa majirani tangu zamani, wakiuziana na kuoana, na kila kaumu ikabaki na ulimi wake.

Huenda mtu akadhani kwamba wingi wa wasemaji ndio afya ya lugha. Lakini dhana hiyo haisimami. Kihadza kina wasemaji wapatao 1,000 tu, na hata hivyo wataalamu wamewakuta watoto wakiendelea kukipokea kutoka kwa mama zao. Ilhali zipo lugha za Kibantu zenye wasemaji kwa malaki, ambazo mjukuu aliyezaliwa mjini huzielewa akitumwa maji na bibi yake, asiweze kuzijibu. Kipimo kilicho sahihi ni urithi: je, mtoto wa leo anaipokea lugha mapema kiasi cha kugombana kwayo na wenziwe mchezoni?

Kisa cha Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, huko Laikipia nchini Kenya, chatufundisha jinsi urithi huo unavyokatika. Watu hawa walikuwa wawindaji na warina asali waliokaa mapangoni, na mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Walipozidi kuoana na jirani zao wafugaji wenye kusema Kimaasai, katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, mahari ikageuka kuwa mifugo. Aliyetaka kumwoza mwanawe ikambidi atafute ng'ombe na kondoo, na aliyetafuta ng'ombe ikambidi atafute na lugha ya ng'ombe. Ukoloni nao, kwa kuwasukuma watu na kuwabana katika maeneo waliyotengewa, ulikuwa na fungu lake. Kabla ya karne kwisha, Kiyaaku kilikuwa kimebaki kwa wazee wachache mno, na watoto wao wakiota ndoto zao kwa Kimaasai. Basi anayekwenda kunukuu lugha kama hiyo asiridhike na majina ya viungo vya mwili na hesabu za moja hadi kumi. Na aulize habari za nyuki, mizinga, maua na misimu ya asali, maana huko ndiko lugha ilikokaa kwa raha yake.

Upande wetu wa Kiswahili, mambo yalikwenda kwa mlango wa shule. Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, ilikusudia umoja, na umoja ikaupata. Hakuna mwenye insafu atakayelilaumu kusudio hilo. Lakini lugha zilizobaki nje ya mlango wa darasa zilipungukiwa na heshima machoni pa watoto wenyewe, na asiyeheshimu kitu hajishughulishi kukirithi. Wala jamaa ya Kiswahili yenyewe haikusalimika na misiba ya namna hii: Chimiini, ulimi wa watu wa Barawa katika pwani ya Somalia, kilivunjiwa mji wake na vita vilivyoanza mwaka 1991, na wasemaji wake wakatawanyika Kenya, Ulaya na Marekani, wakiwalea watoto wao katikati ya lugha za wenyeji wao wapya.

3. Walivyokusanya waliotangulia

Kazi ya kukusanya si mpya pwani hii. Katika miaka ya 1850 mmisionari John Rebmann, akiwa karibu na Mombasa, alikaa na mtu aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyetekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa pwani, na kutoka kinywani mwake akaandika kamusi ya Kinyasa iliyochapwa mwaka 1877. Kila neno la kitabu hicho lilitoka kwa mtu aliyenyang'anywa nchi yake na asiyebakiwa na mali ila ulimi; na fasiri zake zote zikawekwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Salimini na watu wa kwao hawakuwa na njia ya kuisoma.

Kiswahili chenyewe kilipita njia hiyo hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalibaki katika vifua vya watu kwa nusu karne, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah, kwa kushirikiana na mmisionari William Taylor, akayakusanya na kuyaeleza kabla naye hajafariki mwaka 1890. Lau si hifadhi ya Sikujua, aliyejua kila shairi lilitungwa kwa kisa gani na kumjibu nani, tungebaki na maneno yasiyo na funguo. Hata hivyo karatasi za Taylor zimo London hadi leo. Na diwani ya Muyaka, alipoitoa William Hichens mwaka 1940, ilichapwa Johannesburg. Mtu wa kawaida wa Mombasa aliyetaka kumsoma mshairi wa mji wake ilimpasa akitafute kitabu kilichotoka mbali kama Maka.

Sikuyataja haya ili kuwavunjia heshima waliofanya kazi, kwani bila wao tungekuwa mikono mitupu. Nimeyataja kwa kuwa sisi tulioonja uchungu wa kusafiri ng'ambo kutafuta maneno ya babu zetu, haitupasi kuwafanyia vivyo hivyo Wasandawe wa Tanzania ya kati, Wahadzabe na Wayaaku. Hazina kubwa ya rekodi za lugha zilizo hatarini, iliyoanzia London na sasa kuhamia Berlin, imehifadhi sauti za Afrika kwa ustadi na uaminifu. Lakini mjukuu wa msimulizi, akitaka kuisikia sauti ya babu yake, yamlazimu awe na intaneti, tena ajue Kiingereza cha kuombea ruhusa. Amana imehifadhika, na mwenyewe yu mlangoni.

4. Adabu ya kunukuu

Maulamaa wetu wa zamani hawakuipokea hadithi mpaka waijue isnadi yake: nani ameisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani. Kanuni hiyo yafaa irudishwe katika kazi yetu. Ngano isiyo na jina la msimulizi, kijiji chake, mwaka wa kusimuliwa, na jina la aliyemfundisha, ni mali isiyo na hati. Wanahistoria wetu walilitambua jambo hili mapema: Isaria Kimambo alipoandika tarihi ya Wapare, kitabu kilichotoka mwaka 1969, alijenga juu ya masimulizi ya wazee, na nguvu ya ushahidi wa namna hiyo hutokana na kupambanisha simulizi la ukoo huu na la ukoo ule, jambo lisilowezekana kama wasimulizi hawajulikani.

Baada ya isnadi huja usahihi wa sauti, na hapa Kiswahili, pamoja na sifa zake zote, huweza kutuhadaa. Kiswahili kina irabu tano wala hakina toni. Ilhali Kisukuma kina irabu saba, na lugha nyingi za Kibantu hupambanua maana ya neno kwa kupandisha na kushusha sauti peke yake. Mwalimu aliyejifunza kuandika kwa Kiswahili, akiandika lugha ya mama yake kwa mazoea yale yale, huyachanganya maneno mawili kuwa moja bila ya kujua. Na akifika kwenye vidoko vya Kisandawe, alfabeti aliyoizoea humkimbia kabisa. Kwa hiyo kinasa sauti kitangulie na kalamu ifuate, na kanda ya asili isifutwe hata baada ya kunukuliwa, maana mnukuzi wa kesho atasikia ambalo wa leo hakulisikia.

Tena masimulizi hayaishi katika maneno pekee. Ngano ina usiku wake na waitikiaji wake; msimulizi akiketishwa mchana mbele ya mashine, hadhira yake ikiwa ni mgeni mmoja anayetazama saa, husimulia mifupa ya ngano na kuiacha nyama. Ni afadhali kungoja siku moja ya arusi au ya mavuno kuliko kukusanya ngano mia kwa haraka.

La mwisho katika adabu ni ridhaa. Kuna nyiso za jando na mafundisho ya unyago ambayo wenyewe hawayatoi kwa wasiopitia. Kuna ngoma, kama ile ya epeme ya Wahadzabe, ambayo huchezwa gizani usiku usio na mwezi, na giza ni sehemu ya ngoma. Si kila kilichonaswa kiwekwe hadharani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola iendeleze lugha za wenyeji, na sheria ya mwaka 2016 imekuja kulinda maarifa ya jadi ya jamii. Lakini sheria ni ukuta wa nje tu, na aliye ndani na wazee ni mtafiti, ambaye uaminifu wake hausimamiwi na askari.

5. Pingamizi na majibu yake

Nimekwisha kusikia pingamizi mbili juu ya rai hii ya kukitanguliza Kiswahili katika fasiri. Wa kwanza husema kwamba kufasiri lugha ndogo kwa Kiswahili ni kuharakisha kumezwa kwake. Mimi naona mtoto amekwisha kumezwa. Amekaa mjini, anasoma Kiswahili, na njia ya kurudi kwa bibi yake haina budi kuanzia pale aliposimama. Kamusi ya Kiingereza haimsogezi hata hatua. Mfano mwema umekwisha kuwekwa: mradi wa Dar es Salaam niliokwisha kuutaja ulitoa mwaka 2002 msamiati wa Runyambo, lugha ya watu wa Karagwe, uliofasiriwa kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja, na Mnyambo aliyemaliza darasa la saba akaweza kujisomea bila ya mkalimani.

Wa pili husema kwamba ilimu ya isimu haina istilahi za kutosha katika Kiswahili. Hilo lilikuwa na ukweli zamani. Leo vyuo vyetu vinafundisha isimu kwa Kiswahili, na istilahi zilizopungua hukua kwa kutumiwa. Zaidi ya hayo, maarifa yanayotafutwa katika lugha hizi, ya mitishamba, ya samaki, ya ndege yule anayewaongoza Wahadzabe kwenye asali wakimpigia mbinja, mara nyingi yana majina na maelezo ya karibu katika Kiswahili kuliko katika lugha za Ulaya.

6. Mapendekezo

Kwa hayo niliyoyaeleza, naileta mbele ya semina rai ifuatayo, ipokewe au irekebishwe:

(a) Kila mkusanyo wa maneno, ngano au nyimbo unaofanywa na taasisi zetu uwe na fasiri kamili ya Kiswahili, hata kama una fasiri ya lugha nyingine.

(b) Nakala ya sauti na ya maandishi iwekwe karibu na wenyewe, katika shule, maktaba ya wilaya au ofisi ya kata, kwa namna isiyohitaji intaneti.

(c) Jina la msimulizi na isnadi yake litangulie jina la mkusanyaji katika kila chapisho, ila pale msimulizi mwenyewe atakapotaka lifichwe.

(d) Vijana wa kabila husika wafundishwe kunukuu, pamoja na kuandika toni, irabu na vidoko, kabla ya kuajiriwa mgeni wa kuwafanyia.

Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za wenyeji, na katika miongo ya namna hiyo fedha hupatikana, mikutano huitishwa, kisha muongo hwisha. Kwa sababu hiyo naomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, pendekezo (a) lijadiliwe kabla ya mengine. Kwani hilo halingoji mfadhili wala sheria. Kila aliyemo ukumbini humu, mwenye daftari la maneno ya lugha yoyote lililofasiriwa kwa Kiingereza tu, aweza kulianza pendekezo hilo mwenyewe akirudi nyumbani, akaongeza safu moja ya Kiswahili, na nakala yake akaipeleka kule alikoyachukua maneno hayo.