Usingizi katika Tiba ya Kichina: Lalamiko Moja, Tiba Nyingi



Anayekosa usingizi hulalamika kwa maneno yaleyale popote duniani: hapati lepe, au huamka usiku wa manane asilale tena. Hoja yangu jioni hii ni kwamba nguvu ya tiba ya Kichina iko katika namna inavyomhoji mtu huyo, ilhali dawa zake, hata ziwe kongwe vipi, lazima zipimwe kama dawa nyingine zote.

Tuanze na msingi. Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, kimeandikwa kama mazungumzo kati ya Mfalme wa Manjano na washauri wake. Mfalme anamuuliza mmoja wao, Bogao, kwa nini baadhi ya watu hawafumbi macho. Anajibiwa kwamba qi, nguvu inayoulinda mwili, mchana huzunguka nje, upande wa yang, na usiku huingia ndani, upande wa yin. Ikizuiwa kuingia, mtu hukesha. Dawa yake ni kiazi cha banxia kilichochemshwa na nafaka, ili njia ifunguke.

Juu ya msingi huo waganga wa baadaye walijenga utaratibu wa kubainisha chanzo. Moyo, walisema, ndio makao ya shen, yaani roho na fahamu. Damu ikipungua, shen hukosa pa kutulia. Mwenye mawazo mengi, uso uliopauka na asiye na hamu ya kula, huambiwa moyo na wengu vimedhoofika. Hupewa Gui Pi Tang, dawa ambayo Yan Yonghe aliiandika katika karne ya 13. Mwenye hasira, macho mekundu na kinywa kichungu, ana moto wa ini. Aliyejaa kifua, mwenye ulimi wenye utando mzito wa njano, ana balghamu yenye joto. Aliyechoka na bado hatulii, Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa enzi ya Han, alimpa mbegu za kunazi mwitu, mti wa jamii moja na mkunazi wa pwani yetu. Ili kuwatofautisha wagonjwa hawa, tabibu hutazama uso na ulimi, husikiliza sauti, huuliza, kisha hushika mapigo ya mikono yote miwili.

Je, tiba hizi zinaponya? Majaribio ya tiba ya kuchoma sindano (akupancha) na mitishamba kwa wasiolala ni mengi, lakini mengi ni madogo na yana kasoro. Ukongwe nao si kinga: zhusha, madini mekundu yaliyotumika karne nyingi kutuliza shen, yana zebaki; banxia mbichi ni sumu. Lakini maandishi ya kale si ya kutupwa. Ndiyo yaliyomwongoza mtafiti wa Kichina Tu Youyou hadi kwenye artemisinini, dawa ya malaria iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na aliifikia kwa kupima, akishindwa na kurudia.

Ninyi mnaosomea udaktari, mgonjwa akiwaambia halali, msikimbilie kumwandikia vidonge. Muulizeni anakula nini na saa ngapi, nini kinamuudhi, anaamka saa ngapi, moyo unamwendaje. Nanyi mnaotafiti mitishamba, yetu na ya Wachina, ipelekeni maabara kabla ya kuipeleka sokoni. Mgonjwa anatudai yote mawili: sikio lililo tayari kumsikiliza, na dawa iliyothibitishwa.