Bahasha ya Kaki: Hotuba kwa Wahitimu wa Ustawi wa Jamii, Nachingwea



Mniwie radhi kupanda jukwaani na bahasha hii ya kaki. Nimepewa asubuhi hii getini na mzee mmoja. Alinisalimia, akaniuliza habari za safari, akaniuliza na za nyumbani, kisha akanipa bahasha kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, nimesikia leo mnatoa watu wa ustawi." Hakusema zaidi. Akaenda kukaa. Nitairudia bahasha hii kabla sijashuka.

Niliombwa nizungumzie sifa za kuwa afisa ustawi wa jamii. Nikamwomba Mkuu wa Chuo aniruhusu nichague watu wa aina moja tu, wale waliovaa sare, wakaenda vitani, wakarudi. Nimewachagua kwa sababu ya mahali tulipo. Mkitoka hapa kwenda Lindi mnapita Nyangao, na jirani yake Mahiwa, ambako Oktoba 1917 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana siku nne, na Waafrika wakafa pande zote mbili katika ugomvi usio wao. Wapo babu zetu waliochukuliwa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakapelekwa Bama, yaani Burma, katika Vita Kuu ya Pili. Wengi wao tuliwazika bila kuwauliza waliona nini.

Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulipokufa ulituachia mashamba yenye namba. Mwaka 1965 wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji wakaanza kufundishwa hapa, chini ya Samora Machel, katika shamba ambalo hadi leo tunaliita Farm 17. Mwaka 1967 wasichana wa kwanza wa kikosi chao cha wanawake walifundishwa hapa hapa Nachingwea, Josina, aliyekuja kuwa mke wa Machel, akiwa mmoja wao, kwa hiyo mtu akikwambia neno "askari mkongwe" ni la wanaume, mweleze historia ya wilaya yako. Wapo waliovuka Ruvuma kurudi kwao uhuru ulipopatikana 1975. Wapo waliooa na kuolewa huku, wakabaki, na wajukuu wao leo ni wakulima wa korosho na ufuta kama sisi.

Kisha ikaja 1978, na vita vya Kagera na Uganda. Baba yangu alikuwa mgambo. Aliitwa akiwa shambani, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na yeye alirudi baadaye mwaka huo, akiwa na redio ndogo na kikohozi. Alirudi kwenye ile miezi 18 tuliyotangaziwa ya kufunga mkanda, iliyozidi kumi na minane kama wenye umri wangu mnavyokumbuka. Vita hakutusimulia. Alitusimulia matope ya huko tu, jinsi yalivyong'ang'ania viatu. Nilikuja kusomea kazi hii ndipo nikaelewa kwamba matope yalikuwa ndiyo sehemu aliyoweza kuisema.

Sasa sifa. Nianze na vyeti, maana wazazi walioko hapa wana wadogo zenu nyumbani. Aliyemaliza kidato cha nne akafaulu masomo manne kuanzia D, bila kuhesabu ya dini, anaweza kuanza cheti cha ustawi wa jamii katika ngazi ya 4 ya NACTVET, akapanda ya 5, akafika stashahada ambayo ni ngazi ya 6. Wa kidato cha sita mwenye ufaulu unaotakiwa huingia stashahada moja kwa moja, au shahada kama alama zake zinaruhusu. Shahada inatolewa na Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na hata Chuo Kikuu Huria kwa anayesoma huku anafanya kazi. Msidharau miezi ya mafunzo kwa vitendo. Nimewaona wenye shahada nzuri wasiojua kubisha hodi, na wenye cheti tu wanaokaribishwa ndani na kupewa kigoda.

Wenzetu Marekani waliingiza ustawi wa jamii katika huduma za askari wao wastaafu mwaka 1926. Anayetaka kazi hiyo kwao leo anatakiwa awe na shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii na apate leseni ya jimbo, na wako maelfu. Hapo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji wana wizara kamili ya wapiganaji wao. Kwetu katika halmashauri, afisa ustawi ni mmoja kwa wote: mtoto aliyetelekezwa ni wake, ndoa inayovunjika ni yake, mwenye ulemavu ni wake, mzee asiyejiweza ni wake. Askari mstaafu anaingizwa kwenye faili la wazee, na humo uaskari wake unapotea. Anakuwa mzee wa miaka sabini na kitu mwenye miguu inayouma. Hili ndilo linaloniuma mimi, na ndilo nililokuja kuwaambia. Hakuna atakayewapa cheo cha kuwahudumia watu hawa. Mkiingia ofisini wataanza kuwepo siku mtakapouliza, "Mzee, ulikuwa jeshini? Ulikuwa mgambo? Ulikwenda wapi?"

Nawaambia hivi kwa kuwa mimi sikuuliza.

Mwaka 1991, kabla Ruangwa haijawa wilaya yake, nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Mama mmoja wa kijiji cha upande huo alikuja ofisini kumlalamikia baba mkwe wake. Alisema mzee amerukwa na akili, wengine wanasema ana mashetani, kwa kuwa kila magharibi anawapanga watu wa nyumba nzima uani na kuwaita majina mmoja mmoja, na ole wake asiyekuwepo. Nikaenda kwa baiskeli, nikafika saa nne asubuhi na fomu yangu. "Mzee, unalala vizuri?" Nalala. "Unakula?" Nakula. "Una shida yoyote?" Sina. Nikaandika: hana uhitaji.

Wakati wa kurudi tairi likapasuka, na gamu sikuwa nayo. Nikalazimika kulala pale pale. Magharibi mzee akatoka na fimbo kwapani, mgongo umenyooka kuliko asubuhi, akaanza kuita. Mwana mkubwa, nipo. Mkwe, nipo. Wajukuu, nipo, nipo, nipo. Mtoto mchanga akaitikiwa na mama yake. Kisha mzee akaita jina ambalo halikuwa la mtu yeyote wa nyumba ile. Kimya. Akangoja. Akaliita tena, akangoja tena. Halafu akasema, "Haya, nendeni mkale."

Mkwe alidhani ni jina la mwanawe aliyekufa zamani. Nilimuuliza mzee usiku ule, hakunijibu. Nikarudi mwezi uliofuata, tukazungumza ufuta. Nikarudi tena. Mara ya tatu au ya nne, tukiwa tunamenya mihogo, akasema bila kuniangalia, "Nilimtuma maji mimi." Kijana wa Liwale, wa kombania yake, walikuwa wakilala blanketi moja huko Uganda. Alimtuma maji, naye hakurudi.

Wanangu, yule mzee hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anahesabu waliorudi. Na mimi, mwenye cheti changu kutoka Kijitonyama, nilikuwa nimemwandikia kwamba hana uhitaji kwa sababu nilimwendea saa ambayo uhitaji wake ulikuwa umelala.

Nilirudi ofisini nikalikata lile neno kwa wino, nikaandika upya. Kisha mzee akaniomba nimtafutie ndugu wa yule kijana. Ilinichukua karibu miaka miwili, kwa barua, kwa makatibu kata, kwa masheikh waliokuwa wakijua koo za Liwale, hadi akapatikana dada yake. Walikaa chini ya mkorosho, yule mama na yule mzee, tangu asubuhi hadi jua likapinduka. Sikuwasogelea, na sijui walisemezana nini. Jina aliendelea kuliita mpaka alipofariki. Ila mkwewe hakuja tena ofisini kushtaki.

Kwa hiyo mkiniuliza sifa ya kwanza baada ya cheti, nitasema ni kuwa na muda wa kurudi. Askari amefundishwa kuripoti kwamba yuko salama. Ukimuuliza mara moja atakupa jibu la gwaride. Na msiende na lile neno letu la darasani, "mteja". Kuna mzee aliniambia, "Mimi sikununua kitu kwako." Mwite mzee, mwite baba, mwite afande kama mwenyewe anapenda, na wengi wanapenda.

Msimu wa mabibo mtakuta baadhi yao wamezama kwenye uraka. Kijiji kitawaambia ni walevi. Inawezekana. Lakini ulizeni analewa saa ngapi. Nimewajua wanaokunywa kila siku jioni inapoingia, wala hawagusi mchana, kwa kuwa wanaogopa kulala wakiwa na akili timamu. Mtu wa namna hiyo hahitaji mahubiri, anahitaji kufikishwa kwa daktari wa akili, na mtu wa kumsindikiza, maana peke yake hataenda. Na mkisikia anagawa vitu vyake au anasema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, msimwache peke yake, na msimwahidi kuificha siri hiyo. Siri nyingine zote ni zake. Hiyo moja ni ya kuokoa uhai.

Na msidhani nazungumzia wazee tu. Tarehe 7 Desemba 2017, Semuliki, Kivu Kaskazini, wanajeshi wetu zaidi ya kumi wa kulinda amani waliuawa katika shambulio la usiku mmoja. Waliokuwa nao kambini wakarudi nyumbani. Ni vijana, wana simu za kisasa na watoto wa chekechea. Watawaficha hali yao kuliko wale wa Kagera, kwa sababu wanaona aibu kuitwa wagonjwa wakiwa na nguvu. Wake zao watakuja kwanza, na malalamiko ya ndoa. Sikilizeni ndoa, lakini msiishie kwenye ndoa.

Sasa karatasi, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo wajane wetu wanapolia. Askari aliyeandikishwa zamani alitoa jina alilopenda siku ile. Jeshini ni jina la babu, kwenye kadi ya NIDA ni jina la baba, kwenye cheti cha ndoa ni jina la ubatizo. Akifariki, mjane anazungushwa mwaka mzima akithibitisha kuwa hao watu watatu walikuwa mume mmoja. Afisa ustawi anatakiwa ajue kwamba panahitajika hati ya kiapo ya majina, cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya Mahakama ya Mwanzo ya kumteua msimamizi wa mirathi. Ajue kuandika namba ya jeshi na kikosi bila kukosea hata tarakimu. Aliyekuwa mgambo huenda hana namba wala hati yoyote. Kwa huyo msiahidi pesa ambayo hamna uwezo wa kuitoa. Mwambieni ukweli, kisha mhangaikieni kwa njia zilizopo: matibabu bila malipo kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza, mpango wa TASAF kama kaya yake inastahili, baraza la wazee la kijiji. Ni kidogo, najua. Lakini nimeona mzee akilia kwa kuwa mtu wa serikali alikaa naye akaandika kwa mwandiko safi kwamba alikwenda vitani.

Mzee aliyenipa bahasha yupo hapa, na sitamwonyesha kwa kidole. Bahasha imefungwa kwa uzi, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi kona zimekuwa laini kama kitambaa. Sijaifungua. Mimi nimestaafu, macho yangu si ya zamani, na kazi hii sasa ni yenu. Nimekwisha kumwomba ruhusa naye ameridhia: baada ya picha, kabla ya chakula, nitakuwa naye chini ya ule mwembe wa nyuma ya bwalo. Nahitaji wahitimu wawili, mmoja wa kusoma kwa sauti ya chini na mmoja wa kuandika. Njooni na kalamu, na mkifika msalimieni kwanza.