Moto wa Angani na Ukuta wa Jiko

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwa vikundi vya majiko sanifu, Ngara na Biharamulo)



Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Wataalamu wa anga wa Kenya walieleza kuwa ni kipande cha roketi, ambacho kwa kawaida huungua angani au huangukia baharini. Vijana wetu wakatuuliza: kama chuma huungua, watu wanaorudi kutoka huko huponaje?

Chombo hurudi kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Hewa iliyo mbele yake hukosa nafasi ya kupisha, hubanwa ghafla, na hewa ikibanwa hupata joto. Anayejaza upepo tairi la baiskeli anajua pampu inavyopata moto. Kwa sababu hiyo chombo hujengwa butu mbele, ili joto kubwa libaki hewani mbali na ukuta wake.

Vyombo vya Apollo vilivaa ngao iliyoungua kidogo kidogo na kuondoka na joto. Vile vyenye mabawa vilifunikwa vigae zaidi ya 20,000 vya nyuzi za silika, yaani asili yake mchanga, na zaidi ya asilimia 90 ya kigae ni hewa. Hapo tunakutana nao. Pumba tunazochanganya na udongo huungua na kuacha vitundu vya hewa vinavyozuia joto lisipotee. Wanaokandika udongo mtupu kwa kuwa unaonekana imara (wapo, tunawafahamu) wanapasha ukuta moto badala ya sufuria.

Januari 2003, Columbia ilipokuwa inaruka, kipande cha povu kiligonga bawa lake la kushoto. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha angani, wakuu hawakukubali. Tarehe 1 Februari hewa ya moto ikapenya tunduni, na watu 7 wakafa.

Majiko yetu mengi yamo katika vibanda vya nyasi. Kwa hiyo, katika ukaguzi wa robo hii, mama akisema jiko lake lina ufa, tunaomba fundi aukague na kuuziba siku hiyo hiyo, hata kama yeye anauona mdogo.